Uwiano, DEA au SFA: upimeje ufanisi wa benki za Tanzania kwa miaka mingi?

Swali la kama benki za Tanzania zimekuwa na ufanisi zaidi tangu mageuzi ya 1991, yaliyofungua sekta kwa benki binafsi, linaweza kujibiwa kwa njia tatu, na hesabu zilezile zinaweza kutoa majibu matatu yanayopingana. Uwiano wa gharama kwa mapato utasema benki fulani imezorota, DEA (Data Envelopment Analysis, inayompima kila mmoja kwa wenzake walio bora) itasema imebaki nyuma ya wenzake, SFA (Stochastic Frontier Analysis, njia ya kitakwimu inayotenganisha uzembe na bahati) itasema imepanda. Hakuna iliyokosea. Kila moja imejibu swali lake, na tatizo huanza pale mtu anapochagua njia kwanza halafu akatafuta swali baadaye.

Ulinganisho huu ni kwa anayelazimika kuchagua: mwanafunzi wa uzamili, mchambuzi ndani ya benki, mjumbe wa bodi anayesoma ripoti, mwandishi wa habari za uchumi. Mwenye haraka achukue hili. Kama unafuatilia benki moja, tumia uwiano, lakini si uwiano mmoja. Kama una benki 15 hadi 30 na miaka michache, DEA pamoja na kielezo cha Malmquist, kinachopima mabadiliko ya tija kati ya mwaka na mwaka. Kama una safu 200 au zaidi (benki moja kwa mwaka mmoja ni safu moja) na unataka kujua kama ubinafsishaji au umiliki wa kigeni ulileta tofauti, SFA. Chini ya hapo, SFA haifai hata kama msimamizi wako anaipenda.

Kabla ya njia yoyote: mfululizo wa takwimu unakatika wapi

Kazi nyingi huharibikia hapa, kabla ya programu yoyote kufunguliwa. Benki zilitaifishwa Februari 1967, mara tu baada ya Azimio la Arusha, na biashara yao ikakusanywa ndani ya NBC, Benki ya Taifa ya Biashara. Baada ya ripoti ya Tume ya Nyirabu, iliyochunguza mfumo wa benki, ikaja Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya 1991, na benki binafsi za kwanza zikafungua milango 1993. CRDB iliingia kwenye umiliki binafsi 1996. Mwaka 1997 NBC ya zamani iligawanywa, zikazaliwa NBC mpya, NMB na kampuni ya kushikilia mali zilizobaki. ABSA ilinunua hisa nyingi za NBC mwaka 2000, na kundi lililoongozwa na Rabobank likachukua asilimia 49 ya NMB mwaka 2005.

Maana yake kwa mpimaji ni kwamba jina "NBC" kabla na baada ya 1997 si benki moja. Ukiliweka kwenye mstari mmoja, kushuka kwa idadi ya wafanyakazi kutaonekana kama muujiza wa ufanisi, ilhali matawi mengi na watu wake yalikwenda NMB. Vilevile mikopo mibovu ya benki za umma ilihamishiwa LART, chombo kilichoundwa 1991 kwa kazi hiyo, na benki zikapewa hatifungani za serikali badala yake. Mizania ikasafishika bila mkopo hata mmoja kukusanywa. Ukianza mfululizo kabla ya hapo, weka alama ya mkato, au anza 1998 ukaishi kwa amani.

Kuna mikato ya kihasibu pia. Kuanzia 1 Januari 2018 IFRS 9, moja ya viwango vya kimataifa vya uhasibu, ilibadilisha namna ya kutenga fedha kwa ajili ya mikopo inayotarajiwa kuharibika, na athari ya kuanzia ikapita kwenye mtaji, si kwenye faida ya mwaka. Mwaka uliofuata IFRS 16 iliondoa sehemu kubwa ya kodi ya pango kwenye matumizi ya uendeshaji, ikaigeuza kuwa uchakavu na riba. Benki yenye matawi mengi ya kupanga itaonyesha gharama ya riba iliyopanda kidogo mwaka 2019, na ukiigawa kwa amana bila kutoa riba ya mikataba ya pango, utapata bei ya amana isiyo ya kweli.

Tatu ni benki zinazotoweka. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano ndogo kwa mkupuo: Covenant, Efatha, Njombe, Kagera na Meru. Ukichagua benki zilizo hai leo tu na kurudi nyuma miaka kumi, umewachagua washindi, na wastani wako utapanda kwa sababu hiyo peke yake. Ziweke hadi mwaka wao wa mwisho wa hesabu zilizokaguliwa. Kwa zilizoungana, mfano Twiga Bancorp na Benki ya Wanawake zilizoingizwa TPB, Benki ya Posta (leo TCB), una njia mbili halali: kujumlisha hesabu zao tangu mwanzo kana kwamba zilikuwa benki moja, au kuihesabu TPB ya baada ya muungano kama benki mpya. Kinachokatazwa ni kuiacha TPB ivimbe katikati ya jedwali bila maelezo.

Uzuri wa Tanzania ni kwamba takwimu zipo. Benki huchapisha hesabu za kila robo mwaka kwa muundo mmoja, na sehemu ya mwisho ya hesabu ya mapato ina idadi ya wafanyakazi na idadi ya matawi. Nchi nyingi watafiti hukisia idadi hiyo. Ila robo za mwaka hazijakaguliwa. Kwa mfululizo mrefu tumia hesabu za Desemba zilizokaguliwa.

Uwiano: mchana mmoja, lahajedwali moja

Uwiano unaotajwa zaidi ni matumizi ya uendeshaji kugawanya kwa mapato halisi, yaani mapato ya riba baada ya kutoa riba iliyolipwa, pamoja na ada na mapato mengine. Benki Kuu inataka usizidi asilimia 55, sambamba na mikopo chechefu (iliyokwama bila kulipwa) isiyozidi asilimia 5 ya mikopo yote. Nguvu yake ni kwamba bodi nzima inauelewa na huhitaji benki nyingine ili kuupata.

Mtego wa kwanza ni kigawanyo. Katika muundo wa hesabu zinazochapishwa kuna kiashiria kinachogawanya matumizi yasiyo ya riba kwa mapato ghafi, na wengi hukinakili wakidhani ndicho hicho. Chukua benki yenye mapato ghafi ya bilioni 70, riba iliyolipwa bilioni 20 na matumizi ya bilioni 30. Kwa mapato ghafi utapata asilimia 43. Kwa mapato halisi, 30 kwa 50, ni asilimia 60. Benki hiyohiyo imepita kipimo cha 55 kwa hesabu moja na kuanguka kwa nyingine.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi kwa anayepima miaka mingi: bei imejificha ndani ya mapato. Benki hiyo ya 30 kwa 50 ikipoteza bilioni 10 kwa sababu riba ya dhamana za serikali imeshuka, uwiano unaruka hadi asilimia 75. Hakuna karani aliyepunguza kasi, hakuna tawi lililoongezwa. Na kinyume chake: wakati dhamana zinalipa vizuri, benki inaweza kukusanya amana za bei nafuu, kuikopesha serikali, na kuonekana hodari bila kumkopesha mkulima hata mmoja. Kwa hiyo usiusome peke yake. Weka pembeni gharama za uendeshaji kwa wastani wa mali zote, mikopo isiyo chechefu kwa kila mfanyakazi (kwa shilingi za mwaka mmoja), na sehemu ya mapato inayotoka serikalini. Uwiano ukishuka huku gharama kwa mali zikiwa palepale, kilichobadilika ni bei, si kazi.

Hapa kuna jambo ambalo takwimu za wafanyakazi zinalificha. Tangu mwongozo wa uwakala wa benki ulipotoka 2013, kazi ya kuweka na kutoa fedha imehama kutoka dirishani kwenda kwa wakala. Mshahara umepungua, kamisheni imeongezeka. Ukipima "amana kwa kila mfanyakazi" utaona mpando wa kuvutia, lakini sehemu yake ni watu waliohama kutoka kwenye orodha ya mishahara kwenda kwenye mstari wa ada zilizolipwa. Jumlisha kamisheni za mawakala kwenye gharama kabla ya kugawanya chochote.

DEA na Malmquist: nani yuko mbele, na mpaka wenyewe umesogea kiasi gani

DEA, iliyowekwa na Charnes, Cooper na Rhodes mwaka 1978, haihitaji kujua bei wala umbo la hesabu. Inachukua viingizo (wafanyakazi, mali za kudumu, amana) na matokeo (mikopo, dhamana, ada), inachora mpaka kwa benki zilizofanya vizuri kuliko zote, kisha inampima kila mmoja kwa umbali wake kutoka mpaka huo. Aliye juu yake anapata 1. Mwenye 0.70 angeweza, kwa mujibu wa wenzake, kutoa matokeo yaleyale kwa asilimia 70 ya alivyotumia.

Kosa linaloonekana kila mwaka kwenye tasnifu ni kukokotoa alama za DEA kwa kila mwaka, kuzipanga kwenye grafu na kusema "ufanisi umeshuka." Alama ya 2010 na ya 2015 zimepimwa kwa rula mbili tofauti. Mfano mdogo wa kubuni, kiingizo kimoja na tokeo moja, vyote kwa mabilioni:

| Benki | Mwaka 1: gharama / mikopo | Alama | Mwaka 2: gharama / mikopo | Alama |
|---|---|---|---|---|
| A | 10 / 80 | 1.00 | 10 / 100 | 1.00 |
| B | 20 / 100 | 0.625 | 20 / 120 | 0.60 |
| C | 40 / 240 | 0.75 | 40 / 320 | 0.80 |

Alama ya B imeshuka. Lakini B ilikuwa ikitoa mikopo ya shilingi 5 kwa kila shilingi ya gharama, sasa inatoa 6: tija imepanda kwa asilimia 20. Kilichotokea ni kwamba mpaka, ulioshikwa na A, ulipanda kutoka 8 hadi 10, yaani mara 1.25, na B ikaufuata kwa mwendo mdogo, mara 0.96 (0.60 kwa 0.625). Zidisha 1.25 kwa 0.96, unarudi kwenye 1.20. Huo ndio Malmquist: unatenganisha kumkaribia kiongozi na kusogea kwa kiongozi mwenyewe. Kwa C ni 1.067 mara 1.25, sawa na 1.33. Kwa sekta ambayo imepokea kompyuta, mashine za ATM, huduma za simu na mawakala ndani ya muda mfupi, kutenganisha huku ndiyo hoja nzima. Benki ndogo ya wilayani inaweza kuboreka kila mwaka na bado ikazidi kuachwa.

Hatua zenyewe si nyingi. Amua viingizo na matokeo. Hakikisha idadi ya benki kila mwaka haiko chini ya mara tatu ya jumla ya viingizo na matokeo: viingizo 3 na matokeo 2 vinadai benki 15. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huzipati kwa urahisi, na ukilazimisha, nusu ya benki zitapata 1 kwa sababu tu hakuna wa kulinganishwa naye. Hapo punguza hadi viingizo 2 na tokeo 1, au tumia madirisha: benki 10 kwa miaka 3 mfululizo huhesabiwa kama 30, kisha dirisha linasogea mwaka mmoja. Chagua mwelekeo wa viingizo, kwa sababu meneja ana mamlaka juu ya gharama kuliko juu ya mahitaji ya mikopo. Fanya kwa mizani isiyobadilika (ukidhani ukubwa wa benki hauathiri tija) na kwa mizani inayobadilika (ukidhani unaathiri), uone tofauti.

Programu ya bure ya DEAP, ya Tim Coelli, inatosha. Faili lake ni namba tupu bila majina, matokeo kwanza kisha viingizo, na kwa Malmquist panga benki zote za mwaka wa kwanza, halafu zote za mwaka wa pili, kwa mpangilio uleule. Ukigeuza safu za matokeo na viingizo, programu haitalalamika. Itakupa majibu, nayo yatakuwa ya kichwa chini. Malmquist inadai pia kila benki iwepo miaka yote, kwa hiyo zile zilizofungwa 2018 zitakulazimu uhesabu jozi za miaka nje ya DEAP au ugawe kipindi. Wastani wa vielezo hivi ni wa kijiometri, si wa kujumlisha na kugawanya.

Mambo yanayoharibu matokeo, kwa uzito wake. Kwanza, mikopo kama tokeo. Benki inayokopesha ovyo leo ina mikopo mingi kwa kila mfanyakazi, inapanda hadi mpakani, inawavuta wenzake chini, na miaka miwili baadaye mikopo hiyo inageuka chechefu. Miaka ya kuelekea 2017, kabla mikopo chechefu ya sekta kuvuka asilimia 10, ndipo hatari hii ilipo kubwa. Tumia mikopo iliyobaki baada ya kuondoa chechefu, na hata hivyo rudia hesabu kwa chechefu za mwaka unaofuata. Pili, mfumuko wa bei. Nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Ukiwa na mikopo kwa shilingi za siku ile na wafanyakazi kwa vichwa, mpaka utaonekana ukipaa wakati ni shilingi iliyopungua thamani. Tatu, benki ya aina yake: yenye matawi mawili, wateja wakubwa tu. Itashika mpaka na kumfanya NMB, mwenye tawi Namanyere mkoani Rukwa, aonekane mzembe. Iondoe, kokotoa tena, na kama alama za wengine zinaruka, toa matokeo yote mawili.

DEA haina nafasi ya bahati. Hasara ya wizi wa mwaka mmoja inahesabiwa kuwa uzembe. Ndiyo sababu alama zitolewe pamoja na vipimo vya kujiamini kwa njia ya kurudia sampuli ya Simar na Wilson, marudio 2,000. Na usichukue alama hizo ukaziweka kwenye regresheni ya kawaida dhidi ya umiliki. Alama zinategemeana, na kosa hilo lilielezwa bayana na Simar na Wilson hao hao mwaka 2007.

SFA: ghali, lakini ndiyo inayotenganisha uzembe na bahati

SFA ilianza 1977 katika makala mbili tofauti, moja ya Aigner, Lovell na Schmidt, nyingine ya Meeusen na van den Broeck. Unakadiria gharama ya chini kabisa ambayo benki ingeweza kuitumia kwa mikopo na huduma zake, kisha kinachozidi kinagawanywa mara mbili: bahati, inayokwenda juu na chini, na uzembe, unaokwenda juu tu.

Gharama yake ni takwimu. Chukua umbo la translogi (hesabu ya logi yenye miraba na mwingiliano wa vigeu), matokeo mawili na bei tatu (kazi, mali za kudumu, amana). Ukigawanya gharama na bei mbili kwa bei ya tatu, unabaki na vigeu vinne, na vigezo 15. Ongeza muda, mraba wake na mwingiliano wake na vigeu, ni 21, kabla ya vigezo viwili vya mtawanyiko. Benki 20 kwa miaka 10 zinabeba mzigo huo. Benki 6 kwa miaka 7, yaani safu 42, hazibebi. Shuka kwenye Cobb-Douglas, umbo jepesi lisilo na miraba wala mwingiliano, au rudi DEA.

Bei ya kazi ni mishahara kwa idadi ya wafanyakazi, ya amana ni riba iliyolipwa kwa wastani wa amana, ya mali za kudumu ni matumizi mengine kwa thamani ya mali hizo. Ya tatu ndiyo dhaifu: benki mpya yenye mali chache itapata bei ya ajabu. Benki ya Amana, inayofuata sharia tangu 2011, hailipi riba. Tumia mgao wa faida uliolipwa kwa wenye amana, usiandike sifuri, maana logi ya sifuri haipo.

Kabla ya kukadiria SFA, fanya regresheni ya kawaida na uangalie mkia wa masalio, yaani tofauti kati ya gharama halisi na iliyokadiriwa. Kwa gharama, mkia lazima uelekee kulia. Ukielekea kushoto, programu itakuambia kila benki ina ufanisi wa 1, na hiyo si habari njema kuhusu benki. Ni dalili kwamba umbo ulilochagua au takwimu zako hazifai. Kisha jaribu kama uzembe upo kabisa: kwa kizuizi kimoja, kipimo cha uwiano wa uwezekano (likelihood ratio) kizidi 2.71 kwa kiwango cha asilimia 5.

Kwa anayepima miaka mingi, uamuzi mzito ni namna ya kuuruhusu uzembe ubadilike. Modeli ya Battese na Coelli ya 1992 inawapeleka wote upande mmoja kwa kasi moja. Mshindi wa mwaka wa kwanza atakuwa mshindi wa mwaka wa mwisho kwa sababu modeli imeamuru hivyo. Watu huchapisha jedwali hilo na kushangaa "uthabiti wa viwango." Ya 1995 inaruhusu uzembe utegemee umiliki, umri, miaka tangu kubinafsishwa, na inakadiria yote kwa mkupuo mmoja. Kwa maswali ya mageuzi ya Tanzania, tunaichagua hiyo bila kusita. Programu ya FRONTIER 4.1 inaifanya, ila kumbuka kwamba kwa gharama inatoa namba kuanzia 1 kwenda juu: 1.25 maana yake gharama zimezidi kwa asilimia 25, sawa na ufanisi wa 0.80.

Kuna wanaounganisha Tanzania, Kenya na Uganda ili wafikishe safu 200. Inawezekana, lakini Kenya iliweka ukomo wa riba za mikopo kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019, na mpaka mmoja kwa nchi tatu utausoma ukomo huo kama uzembe wa mabenki ya Nairobi. Weka kigeu cha nchi na cha miaka hiyo, au ubaki nyumbani na benki chache.

Kama muda unaruhusu njia mbili, zifanye mbili, halafu linganisha mpangilio wa benki kwa uwiano wa nafasi wa Spearman. Viwango vya alama vitatofautiana, na hilo ni la kawaida. Mpangilio ukipingana, rudi kwanza kwenye mikopo chechefu na kamisheni za mawakala kabla hujailaumu njia.